Kuagiza fanicha kwa saplaya wengi wa nje mpaka zifike Lamu salama: mwongozo kamili

Kazi yangu ya kwanza ya kujaza nyumba Shela, kisiwani Lamu, nilileta sofa ya watu watatu kutoka Foshan, China, nzuri wallahi, ikavuka bahari bila mkwaruzo, ikatoka bandari ya Kilindini, ikapanda lori mpaka gati la Mokowe upande wa bara, ikavuka na mashua, mahamali wanne wakaipitisha vichochoroni mpaka mlangoni, na hapo ikagoma. Mlango ilipita, ngazi ndio ilikataa, manake ngazi za nyumba zetu za kale zinakata kona kali na ukuta wa mawe haubonyei. Mzee mmoja kati ya wale mahamali akaiangalia akasema tu, "Bwana, hapa ndia hakuna." Tukaishia kuipandisha kwa kamba kupitia nyumba ya jirani, na jirani nikamlipa lipu yake iliyobanduka.

Tangu siku hiyo kila kazi naanzia mlangoni alafu narudi nyuma mpaka kiwandani, na mwongozo huu nimeupanga hivo hivo. Ni kwa mtu anayejaza nyumba ya wageni, hoteli ndogo au vila, Lamu au Malindi, na vitu vinatoka kwa saplaya wanne, watano, nchi mbili tatu. Kama unaleta meza moja tu kwa ajili ya nyumbani kwako, hii yote ni kujisumbua.

Pima njia kabla hujapima rumu

Watu wanapima rumu, wanachora kitanda kitakaa wapi, basi. Chukua tepu utembee njia yote kutoka gatini mpaka rumu ya juu: upana wa kichochoro mahali pembamba kabisa, kimo cha mlango, upana wa ngazi na hasa ile kona, pale ngazi inapogeuka pima kila upande na kimo cha dari juu yake. Andika kipimo kidogo kuliko vyote. Hicho ndicho kipimo cha katoni kubwa utakayoruhusu, na unampa kila saplaya kabla hata hujamuuliza bei. Kikizidi hapo, kitu kije kimefunguliwa vipande, sofa iwe na miguu ya kufungua na mgongo wa kutoa, kabati lije bapa.

Uzito pia. Mji wa kale lori haliingii, mzigo unaenda kwa punda, mkokoteni au bega la mtu, kwa hivo mimi naandika kwenye oda kwamba katoni moja isipite kilo 40, na ikibidi kupita basi iandikwe uzito wake kwa herufi kubwa nje. Malindi una raha, lori linafika hadi getini, lakini hata kule nimeona meza ya mawe ya mtu imekaa wiki mbili nje ya geti kwa sababu hakuna aliyefikiria watu wangapi watainyanyua.

Orodha moja, namba moja

Hapa ndipo miradi ya saplaya wengi inakufa. Kila kiwanda kina namba yake ya bidhaa, mteja anaita "kile kiti cha bluu", fundi wako anaita "kiti cha juu", na kwenye invoisi kimeandikwa kitu kingine kabisa. Wewe toa namba yako mwenyewe na uilazimishe kwa wote. Mimi natumia nyumba, rumu, alafu kitu: SH-R3-02 ni nyumba ya Shela, rumu ya 3, kitu cha pili. Namba hiyo inatokea kwenye oda, kwenye proforma (invoisi ya awali), kwenye picha za ukaguzi, kwenye pakingi listi, na inachapwa pande mbili za katoni. Saplaya akikuambia mfumo wake haukubali namba ya mteja mwambie aandike kwa makapeni, haijalishi, ila iwepo.

Orodha yenyewe ni shiti moja tu ya Excel au Google. Kila kitu mstari wake: namba, picha, vipimo, mbao gani, kitambaa gani, idadi, saplaya, bei, depoziti imelipwa lini, kitakuwa tayari lini, ujazo wake, uzito, na hali yake leo. Usifungue shiti nyingine kwa ajili ya saplaya mwingine, hata akiwa mkubwa, ukishakuwa na shiti mbili tayari una ukweli mbili na siku ya kupakia ndiyo utajua ipi ilikuwa ya uongo.

Saplaya wachache, nchi chache zaidi

Kila mji una kazi yake. Foshan, hasa masoko ya Lecong kule Shunde, ni sofa, viti vya kulia, vitu vya hoteli na chochote cha kiwandani kwa wingi. Jepara kule Java ni msaji na kuchonga, fanicha za nje ya nyumba. Jodhpur India ni mbao nzito za sheesham na mwembe, bei nzuri. Uturuki kuna Inegöl. Ukisikia hivo unataka kununua kila mahali, na hapo ndio kosa, kwa sababu saplaya sita wa Foshan wanaweza kuingia kontena moja kwenye godauni la mkusanyaji, yule anayeunganisha mizigo ya saplaya wengi, lakini saplaya mmoja Jepara na mmoja Jodhpur ni shehena mbili, bandari mbili, Semarang na Mundra, karatasi mbili seti nzima, na pengine kila moja haijazi kontena, kwa hivo unalipia mzigo wa kuchanganywa na wengine ambao ndio unaopondwa pondwa zaidi. Shauri yangu: nchi moja kuu, nyingine moja ikiwa kuna sababu ya kweli, na kinachobaki kitafute hapa.

Na hapa kuna nini? Usinichekeshe. Kuagiza kitanda cha kuchongwa ng'ambo ukiwa Lamu, mafundi wamekaa barazani wanachonga mbambakofi, ni kupeleka samaki baharini. Vitanda, viti vya enzi, milango na makabati ya ukutani nafanyiza hapa, na mafundi wanaingia kwenye shiti ile ile kama saplaya mwingine, na depoziti yao, na tarehe yao, na namba zao. Fundi wa mtaani pia anachelewa, tena huyu akichelewa unakutana naye msikitini.

Kuhusu mbao: ukiagiza nje uliza unyevu, mimi nataka asilimia 10 hadi 12, na nataka picha ya mashine ya kupima ikiwa imechomekwa kwenye mbao yenye namba yangu. Mbao ya mwembe isiyotibiwa vizuri inaleta bungua, utaona unga mweupe sakafuni asubuhi. MDF tupu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) kwa hewa ya bahari inafura, usiikubali hata kwa nyuma ya droo. Vyuma vya nje sema stenlesi ya 316, ile 304 karibu na maji ya chumvi inaanza madoa ya kutu, na usiangalie kiti tu, uliza na skrubu, manake wanakupa kiti cha 316 na skrubu za bati.

Bei ya kweli

Bei ya kiwandani haina maana peke yake. Kwanza hakikisha wote wanakupa bei kwa msingi mmoja. Huyu anasema EXW, yaani ukachukue mwenyewe mlangoni kwake, yule FOB, amekufikishia melini, mwingine CIF mpaka Mombasa na bima ndani. Ukizilinganisha hivo hivo unamchagua wa ghali ukidhani ni rahisi. Mimi nataka FOB kwa wote, meli nachagua mwenyewe.

Alafu kodi. Fanicha nyingi zinaingia kwenye ngazi ya asilimia 35 ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2022, na VAT ya 16% inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Kwa hivo kiti kilichofika Mombasa kwa thamani ya 100,000, weka ushuru kinakuwa 135,000, weka VAT ni 156,600, na bado ada ya IDF (fomu ya kutangaza mzigo unaoagiza), tozo ya reli, bandari, ajenti, lori, mashua, punda. Tena kwenye orodha ya forodha viti viko chini ya kichwa 9401 na meza na makabati 9403, ambako kuna na ekisaizi (ushuru wa bidhaa), godoro 9404, taa 9405, kwa hivo mpe ajenti wa Mombasa orodha yako iliyogawanywa hivyo kabla hujalipa depoziti hata moja. Viwango vinaguswa kila bajeti ya Juni, usitumie hesabu ya mwaka jana.

Ujazo nao ni pesa. Kontena ya futi 40 ya kimo kirefu kwenye karatasi ni kama mita za ujazo 76, lakini fanicha haijipangi kama mchele, hesabu 65 hivi. Ya futi 20 hesabu 25 mpaka 28. Kiti kinachopandana juu ya mwenzake kinaweza kukuokolea nafasi ya sofa nzima.

Kalenda inayorudi nyuma

Tuseme mteja anataka wageni waingie mwanzo wa Disemba. Rudi nyuma: wiki mbili za kupanga na kurekebisha, wiki moja Mombasa mpaka Lamu, wiki mbili za bandari, meli kutoka China wiki nne na usiamini ikiwa inabadilisha bandari njiani, wiki moja ya kukusanya na kupakia, kiwanda siku 45 hadi 60, sampuli wiki tatu. Umeshafika mwanzoni mwa Julai, na mteja mwenyewe mwezi wa Agosti bado anakutumia picha za Pinterest.

Ndani ya hiyo kalenda weka sikukuu za watu. China mwaka mpya wao ni Januari au Februari na viwanda vinafungwa wiki kadhaa, wafanyakazi wengine hawarudi, na kuanzia tarehe 1 Oktoba kuna wiki nzima nyingine. Jepara ni Waislamu wenzetu, Idd el Fitr mji mzima unaenda makwao, usitegemee kitu siku kumi na zaidi. India ni Diwali. Na kwetu kuna kusi, miezi ya Juni Julai bahari inachafuka, mashua yenye mzigo mrefu nahodha mwenye akili hatoki.

Saplaya wako hawatamaliza siku moja. Tafuta yule wa polepole zaidi, yeye ndiye anaamua tarehe ya kontena, alafu wengine wote walipwe depoziti kwa kuchelewa kidogo ili wasimalize mapema na kuanza kukudai umalizie pesa na uondoe mzigo wao.

Rangi ile ile kwa watu watano

Neno "kahawia" ni uongo. Meza ilitoka kwa huyu, viti kwa yule, vikikaa pamoja utadhani nyumba mbili zimegongana. Dawa yake rahisi: mwombe fundi akate mbao moja aipake rangi mteja aliyoikubali, ikikauka aikate vipande sita, nyuma ya kila kipande andika tarehe na saini, kimoja baki nacho, vingine tuma kwa kuria kwa kila saplaya. Wao wanakurudishia kipande chao walichokipaka kufuata hicho. Viangalie dirishani saa nne asubuhi, sio chini ya balbu, alafu vipeleke rumu yenyewe, kwa sababu ukuta wa chokaa nyeupe na mwanga wa hapa unafanya rangi zote zionekane nyepesi. Kitambaa vile vile, na kila kitambaa agiza mita mbili za ziada.

Pesa

Kawaida ni 30% mwanzo na 70% kabla ya mzigo kuondoka. Hiyo 70% usiilipe mpaka mtu wako amekagua, mengine yote ni hadithi. Jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye proforma. Na ikija imeli kwamba "tumebadilisha benki", hata kama imeandikwa vizuri na ina nembo, piga simu ya video kwa yule mtu unayemjua umuulize kwa mdomo, watu wamelia kwa hili.

Kufuatilia kila wiki

China wako mbele yetu saa 5, Java saa 4, India saa 2 na nusu. Ukiuliza swali baada ya adhuhuri ya Lamu, Foshan wameshafunga, swali limelala mpaka kesho. Maswali yangu yote naandika usiku, wanayakuta asubuhi, na mimi nikiamka alfajiri majibu yapo. Jumatatu kila saplaya anatuma picha za namba zangu tu, sio video ya kiwanda kizima na muziki. Picha ya fremu tupu kabla ya sponji ndiyo yenye thamani, ikishavalishwa kitambaa huoni kitu tena.

Mabadiliko ya mteja ndiyo sumu. Anatuma voisi noti saa tano usiku, "ah fanya viti vinane badala ya sita". Sawa, lakini ninaandika: namba gani, bei inaongezeka ngapi, tarehe inasogea siku ngapi, kontena bado inatosha? Akijibu "nimekubali" kwa maandishi ndio namwambia saplaya. Nilishawahi kufuata voisi noti moja, kiwanda kimoja kikafanya viti vinane, na mteja akasema aliongea kuhusu meza nyingine.

Ukaguzi na kupakia

Usipoenda mwenyewe lipa mkaguzi wa siku, au Mswahili wetu mmoja aliyeko Guangzhou, wapo wengi. Mpe karatasi ya maswali, asiende na macho tu: pima kila namba, kiti kiwekwe juu ya kioo au sakafu sawa kiangaliwe kama kinatikisika, droo zote zifunguliwe, kitu kimoja kifungwe chote kuanzia vipande mpaka kisimame kwa kutumia skrubu zilizoko kwenye mfuko wake, kwa sababu skrubu inayokosekana Foshan ni sumuni, Shela ni wiki tatu. Nati na bolti za ziada ziwekwe kwenye katoni moja yenye alama nyekundu. Rangi ya kurekebisha isije ya maji maji ndani ya kontena, ni mzigo wa hatari, omba ile ya nta ya kupaka.

Siku ya kupakia nataka picha nne: kontena tupu, nusu, imejaa, na mlango umefungwa na namba ya sili inasomeka. Mbao zozote za kreti na paleti ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo) wenye HT, maana yake zimepashwa joto mpaka nyuzi 56 katikati kwa dakika 30, zisipokuwa nao KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) wana haki ya kukusimamisha. Vipakiwe mwishoni vile vitakavyohitajika kwanza, na mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe ndani, safari ni ndefu na kontena inatoa jasho.

Karatasi na Mombasa

Invoisi, pakingi listi, bili ya melini, cheti cha asili, cheti cha PVoC (ukaguzi wa kabla ya kusafirisha) cha KEBS, shirika la viwango, IDF, bima. Cheti cha KEBS kinatafutwa kule kule kabla mzigo haujaondoka, na hapa saplaya wengi ndani ya kontena moja wanasumbua, kila mmoja mzigo wake lazima uwe umeguswa na cheti, mwambie mkusanyaji mapema sio siku ya meli. Bima ya bahari kwa mzigo unaoingia Kenya inakatwa na kampuni ya hapa nchini. Jina la mpokeaji kwenye bili lifanane na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) herufi kwa herufi. Jumla ya katoni kwenye kila karatasi iwe ile ile, 214 ni 214, sio 214 hapa na 212 kule kwa sababu mbili zimefungwa pamoja. Tuma nakala kwa ajenti meli ingali baharini, siku za bure bandarini ni chache na baada ya hapo mita ya teksi inakimbia.

Mokowe mpaka rumu ya juu

Kontena naifungua godauni Mombasa, naihesabu, napakia malori, kontena inarudi kwa mwenyewe. Malindi ni kilomita kama 120, siku moja imekwisha. Lamu ni mbali zaidi, lori litoke mapema, na upange na nahodha sio kwa saa ya ukutani bali kwa maji. Bamvua maji yanakupwa mbali sana, utakaa gatini na makabati yako juani ukisubiri. Mwambie nahodha idadi ya katoni na ile ndefu kuliko zote, yeye atakwambia jahazi moja au mashua tatu. Turubai hata kama mbingu ni safi, vuli haina adabu.

Mtu mmoja asimame mlangoni na ile shiti, anaangalia namba kwenye katoni, anasema rumu gani, anatia alama. Huyo mtu asibebe kitu, asipokee simu. Katoni iliyobonyea inapigwa picha kabla haijafunguliwa na inaandikwa kwenye delivari noti kabla ya saini, bila hivo bima hawakusikii. Mahamali walipwe siku hiyo hiyo na chai ya saa nne isikosekane.

Zile kreti usizitupe, mafundi wanazitaka. Lile boksi la alama nyekundu lifungie kwa ufunguo, na baada ya miezi mitatu pita na spana uangalie viti vyote vya nje, mbao ikishakaa kwenye hewa yetu inajikunja kidogo na nati zinalegea. Nyumba ile ya sofa nilikaza 31, na sofa yenyewe bado iko juu, mwenye nyumba anataka kuiuza ila hakuna anayejua itashukaje.